Barua ya wazi kwa viongozi wa afya Songwe: tumbo lisiloonekana kwenye kipimo lianze kutibiwa jikoni

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Songwe. Waganga Wakuu wa Halmashauri za Mji Tunduma, Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Maofisa Lishe wa mkoa na wa halmashauri zote. Nakala kwa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linawahusu wengi na limekaa kimya mno. Mkoa wetu bado mchanga. Ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na sensa ya 2022 iliukuta na watu zaidi ya 1,300,000. Mnahudumia mpaka wenye pilikapilika usiku na mchana, malori ya kwenda Zambia na Kongo yakipanga foleni Tunduma, na mnahudumia vijiji vya Momba na Ileje ambako kufika zahanati ni safari. Hakuna mtu mwenye haki atakayewalaumu kwa kutanguliza kipindupindu, malaria, uzazi salama na udumavu wa watoto. Lakini upo ugonjwa ambao, kwa kuwa hauui, hauna bango ukutani wala fungu kwenye bajeti. Unamaliza fedha za watu madukani, unawakosesha siku za kazi, na unatumia hovyo dawa ambazo wagonjwa wengine wanazihitaji ili wapone. Ni ugonjwa wa utumbo unaochokozeka upesi, ambao madaktari wanauita kwa kifupi IBS. Hoja yangu ni moja: tiba yake ya mwanzo ni chakula, chakula hicho kipo Songwe, na ninyi ndio mnaoweza kuifanya tiba hiyo imfikie mgonjwa kabla hajapewa vidonge visivyomhusu.

1. Ugonjwa upo, tuuhesabu tusiuhesabu

Dalili zake zinajulikana na kila mhudumu aliyekaa kwenye chumba cha wagonjwa wa nje. Tumbo linakata na kusokota, linajaa gesi hadi nguo inabana kiunoni, linanguruma mbele za watu. Wiki hii mtu anaharisha, wiki ijayo hapati choo siku tatu, na mara nyingi maumivu yanabadilika akishajisaidia. Akipimwa damu haonekani na kitu, choo hakionyeshi kitu, ultrasaundi nayo haionyeshi kitu. Vigezo vinavyotumika kimataifa, Roma IV vya mwaka 2016, vinataka maumivu ya tumbo yanayojirudia angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, yaliyoanza angalau miezi sita nyuma, na yanayohusiana na angalau mawili kati ya haya matatu: kujisaidia, mabadiliko ya idadi ya choo, na mabadiliko ya hali ya choo. Huhitaji mashine kuvitumia. Unahitaji kumuuliza mgonjwa na kumsikiliza.

Nasema hivi kwa sababu pingamizi la kwanza linalosikika ni kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu na wa watu wa mijini wenye nafasi. Uchunguzi mkubwa wa magonjwa ya aina hii, uliochapishwa mwaka 2021, ulifanyika katika nchi 33 na kuhoji watu zaidi ya 73,000, na miongoni mwa nchi hizo zilikuwamo Nigeria, Ghana, Misri na Afrika Kusini. Tanzania haikuwamo. Kwa vigezo vya Roma IV, waliohojiwa kwa intaneti walikutwa na IBS takriban asilimia 4, na waliohojiwa nyumba kwa nyumba takriban asilimia 1.5. Tukichukua kwa kukadiria tu kwamba Songwe ina watu wazima 600,000, viwango hivyo vinatupa kati ya wagonjwa 9,000 na 24,000. Hata tukishika kile kidogo, hao ni maelfu ya watu, na kila mmoja wao anazunguka kivyake kutafuta jibu.

Kuna sababu pia ya kudhani kuwa mazingira yetu yanauzalisha ugonjwa huu. Imethibitika kuwa takriban mtu mmoja kati ya kumi wanaougua kuhara kwa maambukizi ya utumbo hubaki na IBS baada ya vijidudu kwisha. Neva za utumbo zinabaki zimeamshwa, na gesi ambayo mwenzake asingeisikia yeye inamuuma. Tunduma ni mji ambao shida ya maji ni ya miaka mingi, na kila msimu wa kuhara unaacha nyuma yake watu ambao matumbo yao hayakurudi kama zamani. Nani anawafuatilia hao baada ya mlipuko kutangazwa kuwa umekwisha?

2. Wagonjwa hawa wanatibiwa magonjwa wasiyo nayo

Hapa ndipo penye lawama yangu kubwa, na ninaitoa kwa mfumo mzima. Mtu mwenye dalili nilizozitaja, katika sehemu nyingi za nchi hii, hupewa moja ya majina matatu: taifodi, amiba au vidonda vya tumbo. Mara nyingine hupewa yote matatu kwa pamoja, na mfuko wa dawa unaofanana na majina hayo.

Tuanze na taifodi. Kipimo cha Widal, ambacho bado kinategemewa sana, kinatafuta kingamwili ndani ya damu, na kingamwili hizo zinaweza kuwapo kwa sababu ya maambukizi ya zamani au ya vijidudu vingine. Utafiti uliofanywa kwa watoto waliolazwa katika hospitali ya Teule, Muheza, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba wengi wa waliosomwa kuwa na taifodi kwa kipimo hicho hawakuwa nayo walipopimwa kwa kuotesha damu. Amiba nayo, kwa darubini ya kawaida, yule asababishaye ugonjwa na mwenzake asiye na madhara hawatofautiki kwa urahisi, kwa hiyo kuona vifuko vyake kwenye choo hakutoshi kusema kuwa ndivyo vinavyomkata mgonjwa tumbo. Na kipimo cha damu cha bakteria wa vidonda vya tumbo kinaweza kuonyesha tu kwamba mtu aliwahi kukutana naye, jambo ambalo katika jamii zetu ni la watu wengi sana, wenye vidonda na wasio navyo.

Mgonjwa basi anapewa Flagyl, pengine na siprofloksasini. Baada ya siku tano anapata nafuu. Hapa naomba tutulie, kwa sababu nafuu hii ndiyo inayotudanganya wote. IBS ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Mtu huenda kutafuta dawa siku ambazo hali imepanda sana, na baada ya siku hizo hali hushuka, iwe amemeza kidonge au maji matupu. Yeye anaamini amepona, mhudumu anaamini ametibu, duka la dawa linaamini limesaidia. Mwezi mmoja baadaye tumbo linarudi, na hitimisho linakuwa kwamba taifodi imekuwa sugu. Dozi inaongezwa. Kwa mzunguko huu mtu mmoja anaweza kumeza viuavijasumu mara nyingi kwa mwaka bila kuwa na mdudu hata mmoja wa kuuliwa, na wakati huohuo bakteria wema wa utumbo wake wanavurugwa.

Serikali yetu ilizindua Mpango Kazi wa Taifa wa kupambana na usugu wa dawa mwaka 2017. Tangu 2003, ulipoanzia Ruvuma, tunao pia mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, ambayo yanaruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti na ambayo kwa wakazi wengi wa Songwe ndiyo hospitali ya kwanza. Haiwezekani tukahubiri juu ya usugu wa dawa kwenye semina huku kundi kubwa la watu wenye matumbo yanayochokozeka likiachwa liwe soko la kudumu la dawa hizohizo. Na wale wanaonusurika na vidonge mara nyingi huambiwa neno linaloumiza zaidi: huna ugonjwa, ni mawazo tu. Mtu aliyeambiwa hivyo na mwenye koti jeupe, na maumivu bado anayo, atakwenda kwa yeyote atakayekubali kwamba anaumwa, hata kama ni mtu wa kumwambia karogwa.

3. Ushahidi wa chakula si wa kubahatisha

Mwaka 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walianza kuzikusanya katika kundi moja sukari fupi ambazo utumbo mwembamba haumudu kuzinyonya vizuri. Kundi hilo linaitwa FODMAP. Zimo fruktani za kwenye ngano, kitunguu maji na kitunguu saumu. Zimo sukari za jamii ya kunde kama maharage. Imo laktosi ya maziwa. Imo fruktosi inayozidi kwenye embe na asali. Zinapofika chini bila kunyonywa huvuta maji ndani ya utumbo, kisha bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa gesi. Kwa mtu mwingine hayo ni mambo ya kawaida, anajamba na yamekwisha. Kwa mwenye neva zilizoamka, maji na gesi hiyo ndiyo msokoto, ndiyo kuharisha, ndiyo tumbo kujaa.

Mwaka 2014 kundi hilohilo la Monash lilichapisha jaribio ambalo wagonjwa 30 walipikiwa chakula chote, mara cha kawaida, mara chenye FODMAP kidogo, na ukali wa dalili ulishuka karibu kwa nusu walipokuwa kwenye chakula cha pili. Jaribio lililochapishwa Sweden mwaka 2015 ndilo ninalotaka mlisome kwa makini zaidi, kwa sababu linatufaa sisi wenye kipato kidogo. Wagonjwa 75 waligawanywa: wengine wakapewa mpango mzima wa kupunguza FODMAP, wengine ushauri wa kawaida tu, yaani kula kwa wakati, kula kidogokidogo, kutafuna polepole, kupunguza mafuta, kahawa, soda, pombe, maharage na vitunguu. Katika makundi yote mawili takriban nusu ya watu walipata nafuu ya maana, na tofauti kati ya makundi ilikuwa ndogo. Ushauri ambao muuguzi anaweza kuutoa kwa dakika kumi ulikaribiana na mpango wa wataalamu. Mwaka 2024, huko huko Sweden, wagonjwa 294 wa hali ya kati na kali waligawanywa katika makundi matatu. Waliopewa mpango wa chakula uliounganisha kupunguza FODMAP na ushauri wa kawaida, asilimia 76 walipata nafuu. Waliopunguza wanga, asilimia 71. Waliopewa dawa zinazolenga dalili zao, asilimia 58. Chakula kiliishinda dawa.

Nitakuwa mkweli juu ya mipaka ya ushahidi huu. Chakula hakiponyi IBS, kinaituliza. Katika majaribio ya chakula ni vigumu kumficha mgonjwa anachokula, kwa hiyo sehemu ya nafuu inaweza kuwa imetokana na matumaini. Na robo hadi nusu ya wagonjwa hawapati nafuu ya kutosha, hao wanahitaji dawa na uangalizi wa daktari. Lakini Uingereza, tangu mwongozo wake wa kitaifa wa 2008, ushauri wa chakula na mwenendo ni sehemu ya hatua za mwanzo. Kwetu mwanzo ni Flagyl. Kati ya njia hizo mbili, ni ipi yenye ushahidi mdogo zaidi?

4. Sahani ya Songwe inatosha

Pingamizi zito ninaloliheshimu ni hili: mpango wa chakula uliobuniwa Australia utamfaa vipi mkulima wa Momba au mbeba mizigo wa mpakani? Jibu ni kwamba nguzo ya chakula chetu tayari iko upande salama. Ugali wa mahindi hauna fruktani za ngano. Wali, uwe wa Kamsamba au wa Kyela, hauna. Viazi mviringo havina shida. Uji wa ulezi unafaa. Mayai, nyama, samaki na dagaa havina sukari hizo kabisa. Karanga kwa kiasi, mchicha, karoti, papai na chungwa vinakubalika. Mgonjwa wa Ulaya anaambiwa aache mkate ambao ndio chakula chake cha kila siku na anunue mbadala wa bei kubwa; mgonjwa wa Vwawa, kwetu Songwe, anabaki na ugali wake.

Tatizo letu liko kwenye mambo machache, na mengi yanakutana asubuhi. Tazameni kifungua kinywa cha stendi: chapati mbili, bakuli la maharage yaliyoungwa kwa vitunguu vingi, chai ya maziwa. Ngano, kunde, kitunguu na laktosi, vyote kabla ya saa mbili asubuhi, na mara nyingi baada ya hapo mtu hali tena hadi saa kumi jioni, ambapo anakula mlo mkubwa kwa haraka na kuushushia soda au kinywaji cha kuongeza nguvu. Kwa mtu mzima wa afya hakuna ubaya mkubwa. Kwa mwenye IBS kila kitu kwenye mpangilio huo kinaweza kumchokoza, na dereva wa lori aliyekaa foleni anaishi hivyo wiki nzima.

Sisemi maharage yaondolewe. Songwe inalima maharage, na kwa kaya nyingi hayo ndiyo nyama. Ninachosema kinahusu sufuria. Sukari zinazosumbua kwenye maharage zinayeyuka kwenye maji. Yakilowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, yakachemshwa na maji ya kwanza yakamwagwa tena, kisha yakaivishwa hadi yalainike, sehemu nzuri ya sukari hizo imekwenda na maji. Mgonjwa aanze na vijiko vichache badala ya bakuli. Kitunguu nacho kina njia yake: fruktani zinayeyuka kwenye maji lakini haziyeyuki kwenye mafuta. Mpishi akikaanga vipande vikubwa vya kitunguu kwenye mafuta, akavitoa vyote kabla ya kutia nyanya na maji, mchuzi unabaki na harufu na ladha, na tumbo linasalimika. Majani mabichi ya kitunguu yanaweza kuchukua nafasi ya kitunguu chenyewe. Haya ni mambo ambayo mama lishe yeyote anayaelewa kwa kuonyeshwa mara moja, na hayaongezi gharama hata ya shilingi.

Kuhusu maziwa, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kwa watu wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan ulionyesha kuwa uwezo wa mtu mzima kumeng'enya laktosi unatofautiana sana, na ni mkubwa kwa jamii za wafugaji. Jamii nyingi za wakulima hazina uwezo huo kwa kiwango hicho. Kwa hiyo ushauri wa jumla wa kunywa maziwa ili kutuliza tumbo, ambao bado unatolewa, unaweza kuwa unamwongezea mtu yaleyale anayoyakimbia. Mtindi wengi wanaumudu vizuri zaidi. Embe za msimu, ndizi zilizoiva sana na parachichi zima kwa mara moja vinapaswa kupimwa mtu na mtu. Hata dona, ambalo kwa wengi ni bora kuliko sembe, linaweza kuongeza gesi kwa baadhi ya wagonjwa hawa kwa ajili ya pumba zake; tafiti zimeonyesha pumba hazisaidii IBS, ilhali nyuzi laini zinazoyeyuka zinasaidia. Na kahawa ya Mbozi, ambayo ni fahari yetu, inaamsha utumbo; mwongozo wa Uingereza unaweka chai na kahawa visizidi vikombe vitatu kwa siku.

5. Hofu zenye haki, na majibu yake

Wapo watakaosema kwamba kumwambia mtu mwenye maumivu ya tumbo abadilishe chakula ni kumchelewesha mwenye saratani, kifua kikuu cha tumbo au kichocho. Hofu hii ni ya kweli na ndiyo maana naomba mwongozo ulioandikwa badala ya ushauri wa mitaani. Damu kwenye choo, kukonda bila sababu, homa, upungufu wa damu, uvimbe tumboni, kuharisha kunakomwamsha mtu usingizini, dalili zinazoanza baada ya umri wa miaka 50, au saratani ya utumbo kwenye familia: yeyote mwenye moja ya hizo asiishie kwenye chakula, apewe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Mbeya. Mkumbuke kuwa ucheleweshaji uliopo leo ni mkubwa zaidi. Anayepewa dozi ya taifodi mara nne kwa mwaka bila kuulizwa kama choo chake kina damu ndiye anayecheleweshwa.

Wengine watauliza kama ni busara kuhubiri kupunguza vyakula katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 chini ya miaka mitano wamedumaa, na ambako mikoa jirani ya nyanda za juu, pamoja na shehena zake za chakula, iko juu ya wastani huo. Ni swali zuri. Mpango huu si wa watoto, si wa wajawazito bila usimamizi, na si wa mtu aliyekonda. Hata kwa watu wazima, kupunguza kunadumu wiki nne hadi sita tu, kisha vyakula vinarudishwa kimojakimoja, mtu akiandika kwenye daftari alichokula na tumbo lilivyoitikia, hadi ajue vile viwili au vitatu vinavyomdhuru yeye. Vingine vyote anarudi kuvila. Bila mwongozo, watu wanajifungia vyakula wenyewe kwa hofu na wanabaki hivyo miaka. Mtu anayeogopa kula maharage, maziwa, mayai na matunda kwa pamoja kwa sababu hajui kipi kinamuuma, huyo ndiye anayeelekea kwenye utapiamlo.

Na kuhusu watumishi kuwa wachache, Maofisa Lishe wapo kwenye halmashauri, na Wakuu wa Mikoa walisaini upya mkataba wa lishe mbele ya Rais mwaka 2022. Lishe kwa mkataba huo imesomwa zaidi kama suala la mama na mtoto. Hakuna kinachowazuia kuisoma kwa upana zaidi.

6. Ninachoomba

Naomba mambo mahususi, yanayoweza kuanza ndani ya mwaka mmoja wa fedha.

Mosi, Mganga Mkuu wa Mkoa atoe mwongozo wa ukurasa mmoja kwa kila zahanati, kituo cha afya na Duka la Dawa Muhimu: maswali ya kumuuliza mwenye tumbo la muda mrefu, dalili za hatari za kutoa rufaa, na ushauri wa chakula wa wiki nne kwa asiye na dalili hizo. Mwongozo huo useme wazi kwamba Widal peke yake, kwa mtu asiye na homa, si sababu ya kumwandikia mtu dawa ya taifodi.

Pili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iandae kadi ya vyakula kwa Kiswahili, inayotumia vyakula vya Nyanda za Juu Kusini na njia za kuvipika, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kuieleza kwa Kinyiha, Kinyamwanga na Kindali kwa wazee wasiosoma. Orodha za brokoli na jibini za Ulaya hazitufai.

Tatu, pawe na siku moja kwa wiki ya kliniki ya lishe kwa watu wazima wenye matatizo ya tumbo, Vwawa na Tunduma. Nne, vitabu vya kumbukumbu za wagonjwa, yaani vya MTUHA, vipate namna ya kuwaandika wagonjwa hawa kwa jina la ugonjwa wao, kwa sababu asiyeandikwa hapangiwi bajeti, na kwa sababu takwimu hizo ndizo zitakazotuambia kama matokeo ya Sweden yanapatikana Songwe. Tano, Halmashauri ya Mji Tunduma iwahusishe mama lishe wa stendi na wa maeneo ya maegesho ya malori, waonyeshwe kuloweka maharage na kuunga mchuzi kwa njia niliyoieleza, na wawe na angalau chakula kimoja kwa siku ambacho mwenye tumbo hili anaweza kukila. Sita, na hili liko mikononi mwa wengi zaidi yenu, maji ya Tunduma yaendelee kudaiwa kama suala la afya, maana kila kuhara kunakozuiwa kunapunguza idadi ya watakaoumwa tumbo miaka ijayo.

Kwa wasomaji wengine wa barua hii wenye matumbo ya namna hii: msianze kujinyima vyakula ovyo, na mwenye kuona damu kwenye choo au kukonda aende hospitali leo. Kwenu waheshimiwa, naomba jibu la hadharani, lenye tarehe na jina la ofisi itakayosimamia kila moja ya hatua hizi, kabla halmashauri hazijapitisha bajeti za mwaka wa fedha utakaoanza Julai.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwananchi wa Mkoa wa Songwe